Amri ya Bwana Mohdhar

Bwana Mohdhar alikuwa mzee wa mji wa Kizingitini kwa mwaka wa sita, na katika miaka hiyo hakuwahi kulirudisha neno lake. Cheo alipewa na Serikali. Sifa hiyo ya neno moja alijipa mwenyewe.

Mwaka huo kisima kikubwa kikaanza kunuka. Watoto wakaharisha, wawili wakafa. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Mohdhar akasimama barazani.

"Kisima hakijichafui," alisema. "Kuna mkono. Wallahi nikiupata, mwenye mkono huo na nyumba yake yote watatoka katika nti hii wasirudi, na mlango wao utapigwa misumari. Hata akiwa wa damu yangu. Na atakayemwombea atamfuata."

Watu wakaitikia amina. Abdulkadir, mshona matanga, kaka wa mkewe, akasema kwa upole, "Shemeji, tungekiteka kisima mpaka chini kwanza, ndipo ukaapa."

Watu wengine wakacheka. Mohdhar hakucheka. Siku nyingi alikuwa akimshuku shemeji yake kwamba anakitaka kiti, na leo alijiona amekwisha kumjua.

Nyumbani, mkewe Bi Hadia hakugusa chakula.

"Bwana, kizibe kisima kile. Chimba kingine."

"Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Nakuomba uache. Mengine mtu akiyatafuta huyapata."

"Ndiyo maana nayatafuta," alisema Mohdhar, akalala akiwa na hakika kwamba mke anamlinda kaka yake. Hata alimwonea huruma.

Jumatatu wanaume kumi waliteka maji tangu alfajiri. Adhuhuri Famau, mchimba visima, akashuka kwa kamba, akatoka na mfuko wa ngozi uliofura. Mwalimu Abdulhalim wa chuo cha Kurani akaupasua huku ameziba pua. Ndani mlikuwa na moyo wa kondoo uliooza, na karatasi iliyofungwa katika kitambaa cha nta. Akaisoma kimya, akaikunja.

"Soma," alisema Mohdhar.

"Bwana, wino umefifia."

"Soma, ama nitajua nawe umo."

Mwalimu akasoma: "Mohdhar mwana wa Radhiya. Apendwe na wanaomchukia. Kiti chake kisimtoke."

"Mwaona!" Mohdhar alipaza sauti, akamgeukia Abdulkadir. "Nimerogwa!"

"Hukurogwa, Bwana," alisema mwalimu, macho chini. "Hii ni dawa ya kukupendeza kwa watu."

Hapo Bi Hadia akajitokeza kati ya wanawake. "Ni mimi. Kila siku wewe waniambia watu wanataka kukuondoa, huli, huneni. Nikaenda kwa mganga. Akanipa mfuko huo, akasema niutie mahali mji wote unywapo maji. Sikujua kama utaoza. Wallahi sikujua."

Baba wa mmoja wa watoto waliokufa aliitazama ile ngozi. Abdulkadir ndiye aliyesogea.

"Shemeji, maneno ya hasira hayashikwi. Tusameheane, tuchimbe kisima kingine."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ndia ya kutokea ilikuwa wazi. Mohdhar angeitika tu. Lakini kusamehewa, tena na Abdulkadir, mbele ya mji mzima!

"Ulisikia nilivyosema juu ya atakayemwombea," alimjibu. "Nyamaza, usije ukatufuata."

Misumari aliipiga mwenyewe katika mlango wake, saba, na wa tatu ukapinda. Kesho yake yeye na mkewe wakavuka bahari kwenda Mkokoni, kwa mtu waliyejuana naye kidogo.

Kiti akapewa Abdulkadir. Alikataa mara tatu, akajifungia ndani na matanga yake, akatolewa kwa nguvu. Na mji ukaanza kumsifu Mohdhar. Waliokuwa wakimsengenya barazani wakaapa kwamba nti ile haijapata mtu wa haki kama yeye, na ole wake Abdulkadir kila alipobadili shauri.

Habari hizo Bi Hadia alizipata kwa mchuuzi wa samaki, akazileta mbio.

"Sasa wakupenda, Bwana. Wote. Wasema ukitaka kurudi watang'oa misumari kwa meno."

Mohdhar alikuwa akikuna nazi, kazi asiyoijua.

"Nikirudi," alisema, "watanipenda kwa lipi?"

Akaendelea kukuna mpaka akajikwaruza kidole, na mkewe akamnyang'anya kifuu.