Pindo la Kisigino

Kitu cha kwanza alichokiona Mbeyu ni nyuzi. Mama yake, Kadii, alikuwa ameketi mlangoni akifuta miguu, na kwenye ufa wa kisigino zilichomoza nyuzi nyeupe, kama za kitambaa kilichokatwa kikaachwa bila kupindwa. Damu haikutoka. Ilidondoka chumvi kidogo.

Kadii alikuwa mwaka wa sita akikwangua chumvi huko Marereni, miguu mitupu ndani ya maji makali. "Gambuti zimeagizwa," msimamizi Mwaro alisema kila mwezi.

Mbeyu alikwenda kwa jirani yao, Bi Hafswa, aliyepinda leso kwa mkono.

"Shikamoo Bi. Nataka kujua kupinda."

"Marahaba. Una leso gani?"

"Ni mguu wa mama."

Bi Hafswa akamsogezea mkeka. "Anza na leso. Hiyo ukiikosea haikulilii."

Alijifunza siku tatu. Uzi usizidi urefu wa mkono, maana mrefu hujitatiza. Fundo likae upande wa ndani. Kunja ukingo mara mbili, dokoa kitambaa kidogo tu, vuta polepole.

Siku ya nne akapinda kisigino cha mama yake. Alivuta mno, kikajikunja, na Kadii akachechemea mpaka kikafumuliwa. Mara ya pili kilitulia.

Asubuhi wanawake wa chumvini walikuja na visigino vyao. Everlyne alileta vyote viwili. "Ukimaliza nipindie na tumbo, mwanangu. Linadai chakula hili."

Ijumaa akaja Mwaro, amevaa gambuti nyeusi mpya. Aliinama, akapitisha kidole kwenye pindo la Kadii.

"Kazi safi. Basi zile za kina mama hatuagizi tena."

Akamwekea Mbeyu kigoda kwenye lango la chumvini, watu washonwe wakiwa kwenye foleni, kazi isichelewe.

Ndani ya chumvi pindo hudumu siku tisa, kisha uzi huoza. Linalofuata lazima likunjwe ndani zaidi, na kila pindo hula kitambaa. Baada ya miezi minne, mguu wa Kadii ulitosha ndani ya kiganja cha Mbeyu. Kadii alitembea kwa hatua fupi, ameshika ukuta.

"Nimerudi utotoni," alisema. "Nibebe mgongoni basi."



Jumatatu, pale langoni, Kadii alinyoosha mguu tena. Mbeyu aliugeuza, akatafuta pa kukunja, hakupata. Palibaki upana wa kidole.

"Fanya upesi," alisema Mwaro. "Maji yanakauka."

Kadii akauvuta mguu wake, akaingia majini hivyo hivyo, nyuzi zikiburutika nyuma.

Tangu atolewe shule darasa la tano, Mbeyu hakuwahi kumbishia mtu mzima. Akifokewa, alitazama chini. Sasa alichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, akasimama, akamtazama Mwaro usoni.

"Vua hizo gambuti," alisema. "Uingie wewe."