Nukta ya Uongo Bondeni

Emérence alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kingi hadi vita vilipoifunga shule yake. Sasa alifanya kazi Masisi-centre, katika ofisi ya chumba kimoja ya chama kidogo cha wenyeji. Watu walimpigia simu kusema nani kaibiwa, nani katekwa, na wapi. Akishahakikisha kwa watu wengine wawili, aliweka nukta nyekundu kwenye ramani ambayo yeyote mwenye simu ya intaneti aliweza kuifungua. Madereva hawakuwasha gari bila kuitazama. Njia za kushuka Sake zilikuwa mbili, ya bondeni na ya juu kwenye malisho ya ng'ombe, na ramani ndiyo iliyowachagulia.

Jumatano asubuhi, Kasoki, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vitenge na lori moja, aliingia bila kubisha. Hakuwa na viatu.

"Pole, Mama Kasoki," Emérence alisema. "Nilipata habari ya kuibiwa kwenu kule juu jana, nikaitia kwenye ramani. Shofere wako iko namna gani?"

"Bienvenu iko hospitali. Risasi ya muguu." Kasoki akakaa. "Lakini sikukuja juu ya ile. Ule mwizi mwenye alikuwa ananipekua alinionyesha telefone yake. Ilikuwa carte yako, ile ramani, Emérence. Akacheka, akasema: 'Mama, tuliona bondeni kuko nyekundu, njo tukajua mutapita huku.'"

Kasoki alipoondoka, Emérence alifungua kumbukumbu za miezi minne. Kila alipotia nukta bondeni, wizi uliofuata ulitokea juu. Alipotia juu, ukahamia bondeni. Mara saba. Na jana alikuwa ametia nukta juu.

Alimpigia Émile, mkubwa wa chama, aliyekaa Goma.

"Funga carte leo hii," Émile alisema.

"Kesho ni soko ya Bweremana, kule mbele ya Sake. Magari yote yamekwisha kuiona, yatapita bondeni. Kufunga hakutawarudisha."

"Basi andika onyo."

"Na wale wenye bunduki wataisoma, wahamie juu."

Émile alisema atafikiri. Hakupiga tena.

Emérence aliwatafuta madereva. Wawili walipokea simu. "Dada, juu walipiga Mama Kasoki jana tu," mmoja alisema. "Bondeni haiko hata alama ya hii wiki. Tuache carte, tufuate mawazo yako?"

Basi akangoja. Kutoka njia moja hadi nyingine ni mwendo wa saa nne kwa miguu, na magari huondoka saa moja asubuhi. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipohesabu kwamba wenye bunduki wameshajipanga bondeni, aliweka nukta kwenye daraja la mbao la bondeni. Akaandika: *Gari limeshambuliwa asubuhi hii.* Hakuna gari lililoshambuliwa.

Saa tatu, simu ya ofisi ililia. Namba yake iliandikwa chini ya ramani.

"Njo Mama wa carte? Ni wewe?" Sauti ilikuwa ya mwanaume, tulivu.

"Njo mimi."

"Umeandika tumepiga gari kwa kilalo, kwa hii daraja. Siye tuko hapa kwa kilalo tangu alfajiri. Hakuna gari imepita. Kwa nini unatusingizia?"

Nyuma ya ile sauti alisikia maji ya mto, na mtu akikohoa.

"Nilikosea," alisema.

"Hapana. Ulitutega. Tunajua ofisi yenu. Mulango ya bleu, nyuma ya parking ya pikipiki."

Akakata. Emérence alichukua kompyuta na simu ya ofisi, akavifunga ndani ya kitenge, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwa wazazi wake Kingi. Njiani kila pikipiki iliyomkaribia kutoka nyuma ilimfanya aingie shambani.

Jioni Kasoki alimpigia. Magari sita yalipita juu na kufika salama. Matatu hayakuondoka. Lakini Jumamosi alipata habari nyingine: watu wa kijiji kilicho karibu na daraja, walipoiona nukta, walidhani vita vimewafikia. Walikimbilia msituni na watoto, na mvua iliwanyeshea siku mbili.

Siku hiyo hiyo Emérence aliifuta nukta ile, akaandika mahali pake: *Ilikuwa uongo. Niliiweka mimi, Emérence, na sababu ni hii.* Akaeleza yote. Tangu siku hiyo, ramani ingeonyesha tu mambo yaliyokwisha kutimiza mwezi mzima au zaidi. Ya leo na kesho madereva wangeambizana wenyewe kwa mdomo. Émile alimfokea: nani atatuamini tena? Wiki mbili hakuna aliyepiga simu kutoa habari, na Emérence kila asubuhi alikaa mbele ya kompyuta kwa wazazi wake, akijiuliza kama ameua kazi yake mwenyewe.

Wiki ya tatu mwanamke mmoja alipiga. Alisema anaitwa Mukashema, wa kile kijiji cha karibu na daraja.

"Njo wewe ulitulaza kwa mvua?"

"Njo mimi, Mama. Unisamehe."

"Mutoto wangu angali anakohoa. Wamechukua ngombe zetu jana. Nikikuambia, utaandika vile nasema?"

"Vile vile."

"Usiongeze, usipunguze."

"Sitaongeza, Mama. Walikuja saa ngapi?"