Saa Aliyoidai Kanyinda

...na pembe za saa, zile za kushikia mkanda, hazijasagwa, hilo la kwanza, akazipitishia tena kidole gumba, zote nne bado zina makali yake, maana mafundi wa siku hizi wakipewa saa ya zamani huisugua mpaka ing'ae kama sahani mpya, pembe zinaliwa, saa inabaki imenona bila umbo, lakini hii hakuna aliyeisugua, ina mikwaruzo yake yote ya miaka, nzuri, nzuri sana, na Kanyinda akachukia kwamba ni nzuri, kwa sababu hakuitaka iwe nzuri, aliidai kwenye mahari ya binti yake kwa makusudi, pamoja na suti na mbuzi na vitenge vya mke wake Mbelu, saa ya Uswisi ya zamani, uso mweusi, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, kila kitu chake cha asili, akijua fika kwamba saa za namna hiyo zimekwisha Kolwezi, nyingine zimezikwa na wenyewe, na kijana huyu Gradi Mwenze atahangaika wee, atachoka, ataleta takataka ya sokoni yenye jina la kubandika, na hapo mbele ya wakwe wote Kanyinda ataiweka mezani na kusema hii si ya kweli, basi, mambo yamekwisha, chukueni mbuzi wenu... na sasa sebule imejaa, nyumba hizi za mtaa wa Kapata hazikujengewa wageni wengi, watu wamekaa magoti kwa magoti, soda zinapata joto, baba mdogo wa Gradi amekwisha kusema maneno yake ya heshima na sasa anakohoa, anasema kwa upole kwamba wao wanangoja tu tata, baba wa binti, aivae, na Kanyinda ameinua kidole, subiri, maana bado uso.

Uso ndio kila kitu, kioo unaweza kubadilisha, springi unaweza kubadilisha, hivyo ni kama viatu, vinachakaa na mtu ni yule yule, lakini saa iliyopakwa uso upya imekwisha, alikuwa akiwaambia hivyo wateja wake wa saa pale barazani kila jioni akitoka karakana ya mgodi, ambako kazi yake ilikuwa kutengeneza vipimo vya presha, akawaambia tazama vistari vya dakika, mkono wa mpakaji wa mtaani hauwezi vistari vyembamba namna hii, na hapa, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, vistari ni vyembamba kama unywele, herufi hazikuvimba, na zile nukta za rangi ya kung'aa gizani zimezeeka zote pamoja, zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, ee Mungu, uso haujaguswa, nani alikuwa na saa hii, nani aliitunza hivi katika vumbi hili lote, mshale wa saa chai ya maziwa, mshale wa dakika chai ya maziwa, mshale wa sekunde... mweupe. Mweupe kabisa, wa juzi, si wake, na kile kitufe cha kutilia ufunguo nacho meno yake makali mno, kipya, viwili basi, amewapata, maneno yako tayari ulimini, si ya kweli, na alishangaa kwamba furaha aliyoingoja hakuiona, alisikia tu uchungu wa kuiaibisha saa nzuri namna hii mbele za watu.

Akatoa kisu kidogo mfukoni, Mbelu akamkazia macho, adabu gani hii, kuchokonoa zawadi ya wakwe, lakini alipaswa kuona mgongoni kwa ndani, kistari kimoja na nukta mbili, alama yake, aliichora kwenye kila saa aliyoifungua, na kwenye yake mwenyewe, ile ya uso mweusi kama huu, aliyoivua mwaka wa tisini na tatu pale stesheni, watu wa Kasai kama yeye walipofukuzwa Kolwezi na wenyeji wakalala kwenye mvua wiki kwa wiki wakingoja treni, akaivua akampa mtu kwa unga wa mahindi, na mtu yule hakumtazama usoni, aliisikiliza saa sikioni akaondoka, na lugha aliyowaita nayo wenzake ndiyo anayoisema baba mdogo wa Gradi huyu anayekohoa... mgongo ukafunguka, hakuna kistari, hakuna nukta, si ile, bila shaka si ile, mzee mjinga wewe, ulitegemea nini, lakini tazama skrubu, hata moja haikukwaruzwa kichwa, kila aliyeingia humu aliingia taratibu, aliingia na kutoka kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa, akaona raha ya kweli, akasahau kidogo kwamba ana hasira.

Gradi ndiye aliyesema, bila kuulizwa, amesimama, jasho linamtoka kwenye kola, baba mdogo alimvuta shati akae na hakukaa.

"Tata, mushale ya segonde haiko ya yake. Na kile kifungo pia. Bitu bya zamani biko mu kisanduku, chini ya kitambaa. Hatutaki kukufichaka."

Na baba mdogo akafumba macho, kwa nini unajichimbia shimo, mtoto huyu, na Kanyinda akainua kitambaa cha kisanduku saa ilimoletwa, akaona karatasi ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa ndogo kama punje ya hindi, pembe moja imeingizwa ndani mara mbili, na hapo vidole vyake vikasimama. Hakuna fundi anayekunja hivi. Ilikuwa sheria yake Kanyinda, ulichokitoa kwenye saa mrudishie mwenyewe, hata kikiwa kimekufa, ili ajue ulichomwekea, na mkunjaji wake alikuwa binti yake huyu anayeposwa, angali mdogo, akikaa chini ya meza, anaokota karatasi za sigara za majirani, anazinyoosha kwa kucha, anakunja, pembe moja ndani mara mbili ili kisidondoke, tata, unaona, hakidondoki... Tatiana. Yuko nyuma ya pazia la jikoni, vidole vyake vya miguu vinaonekana. Kumbe zile safari za Mutshatsha, kwa rafiki yake Jémima eti ana malaria, malaria gani ile ya kila Jumamosi, alikuwa huko na kijana huyu, nyumba kwa nyumba, anageuza saa za wazee kwenye mwanga, anamwambia Gradi hii hapana, hii imesuguliwa, hii imepakwa uso, hii, hii, chukua hii, na damu ikamchemka kwa uongo ule, ikachemka kidogo tu, kisha akajiona anataka kucheka, maana hata yeye mwenyewe asingechagua vizuri zaidi, mtundu mtoto yule, jicho gani hilo, na Mbelu ghafla anaitazama sakafu, kumbe na huyu alijua.

Akaifungua karatasi, kitufe kilicholika meno, na mshale wa zamani, ncha imevunjika, rangi ya chai ya maziwa... wangeweza kuuficha. Wangeweza kuupaka ule mpya chai halisi ukafanana, ujanja huo anaujua kila fundi, na Tatiana anaujua, hakuutumia. Yeye Kanyinda alitaka mkwe wa kwao, wa asili, hilo ndilo alilolitaka, aseme kweli, na kwao ni wapi, yeye aliyezaliwa Kapata hii hii mistari mitatu ya nyumba kutoka hapa, aliyefika Mbuji-Mayi kule Kasai baada ya kufukuzwa na watoto wa huko wakaangua kicheko kusikia Tshiluba chake, lugha ya wazee wake, kilichojaa Kiswahili na Kifaransa, akavumilia, akarudi, na yule mtu wa stesheni aliyechukua saa sasa ana kaburi lake au ana wajukuu, na Gradi siku ile hakuwa hata amezaliwa. Akafunga mgongo, akatia ufunguo, kitufe kipya kikakamata vizuri, akaisikiliza, sauti safi, akautazama ule mshale mweupe ukipita juu ya nukta za zamani, haugusi, hausiti.

Baba mdogo akakohoa tena. Saa bado iko kiganjani, mkanda haujafungwa, hakuna aliyegusa soda, na Kanyinda akaikunja karatasi upya, pembe moja ndani mara mbili, vidole vizito, haikutoka nzuri kama ya mtoto, akaiweka mfuko wa shati. Desturi inataka binti aulizwe kwanza kama vitu vipokelewe, na tangu asubuhi alikuwa amepanga kutouliza. Sasa alitaka kulisikia jibu, na aliogopa, mzee mzima, lisije likachelewa.

"Tatiana," akaita upande wa pazia, "kuya hapa, mama. Tupokee?"