Viti Vitupu vya Mwalimu Morita

Mwalimu Onesphory hakuwahi kulipungia gari mkono, na kijiji kizima cha Nambis kilijua hivyo. Katika shule ya bweni ya mapadri alikosomea alifundishwa kwamba mtu mwenye heshima haombi njiani, na fundisho hilo alilishika kuliko mengine yote. Kila alipoitwa kikao cha walimu Mbulu mjini alikwenda kwa miguu. Masika yakiwa yamechacha alivua viatu, akavibeba mkononi, soksi akazitia mfukoni, kisha akavivaa tena alipofika kwenye nyumba za kwanza za mji, baada ya kujinawa miguu kwenye mtaro. Malori ya viazi yalimpita, na madereva waliomfahamu hawakujisumbua hata kupunguza mwendo.

Ndiyo maana alikuwa mtu pekee ambaye gari la Mwalimu Morita halikumuudhi.

Morita alikuwa Mjapani, kijana mwembamba aliyeletwa na shirika la kujitolea kufundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya kata, miaka michache baada ya Manyara kuwa mkoa. Gari alilinunua mwenyewe Arusha, dogo, jeupe, mojawapo ya yale yaliyomiminika nchini tangu soko lilipofunguliwa, yakiwa yamekwisha kuendeshwa huko kwao. Shirika lilimruhusu kuwa nalo kwa sharti moja, kwamba asimpakie mtu yeyote. Siku atakayompakia mtu, utumishi wake ungekoma. Onesphory, akiwa makamu mkuu wa shule, ndiye aliyewaeleza wazazi mkutanoni.

"Yeyote?" aliuliza Mzee Joakimu, mdogo wa marehemu baba yake Onesphory, ambaye hakuna mkutano uliopita bila yeye kusimama.

"Yeyote, baba mdogo."

"Na maiti je? Maiti naye ni abiria?"

Watu walicheka. Onesphory hakucheka. Alisema sharti ni sharti, na kwamba angependa vijana wa Nambis waone mtu anayetii sharti hata pale asipoonwa na aliyemwekea.

Lakini walichokiona watu wa Nambis kilikuwa kingine. Waliona gari likipanda mlima katika mvua likiwa na viti vinne vitupu, na mama mwenye mzigo wa maharage akiwa amesimama pembeni na mkono juu. Mbaya zaidi, Morita hakupita akitazama mbele kama wenye malori. Alipunguza mwendo, akamwinamishia yule mama kichwa taratibu, kama anayeomba radhi kanisani, ndipo akapita. Watu walikuchukia kule kuinama kuliko tope waliloachiwa.

"Anatusalimia kwa kutunyima," alisema Joakimu, na tangu siku hiyo akamwita Viti Vitupu. Jina likashika. Hata wanafunzi walilitumia walipodhani hawasikiki.

Gari lenyewe lilikuwa likisema. Kila lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilitoka mbele ya usukani ikatamka maneno ya Kijapani kwa adabu kubwa. Siku moja Onesphory alimuuliza Morita maana yake.

"Anasema sijaweka kadi."

"Kadi ya nini?"

"Ya kulipia barabara."

Onesphory aliitazama njia, na maji mekundu yaliyokuwa yakitiririka katikati yake. "Mwambie hii yetu bado haijafikia hadhi ya kulipiwa."

Morita alicheka, na lilikuwa jambo la nadra. "Fundi alitaka kumzima. Nimekataa. Hapa hakuna mwingine anayeniambia neno la kwetu." Kisha alimwonyesha kibandiko kwenye kioo cha nyuma, maandishi ya gereji fulani. Mji wa gereji ile, alisema, uko jirani na kwao.

Wakawa marafiki kwa namna ya watu wawili wasiopenda maneno mengi. Morita alikuja kwa Onesphory jioni za Jumapili. Akikaribishwa chai alikataa, akikaribishwa tena alikataa, na mara ya tatu alipokea kwa mikono miwili. Letisia, mke wa Onesphory, alidhani mgeni anaidharau chai yake. Onesphory alimtoa wasiwasi. Kwa Wajapani, alisema, kukataa ni adabu. Hata wao bwenini walifundishwa kutokimbilia sahani. Alijivunia kulijua jambo hilo.

Mwaka ule masika yalikuwa mabaya. Letisia alikuwa mjamzito, na uchungu wake ulianza kabla ya wakati, ukaja na damu. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama upande mwingine wa wilaya. Onesphory alimfunga punda kwenye mkokoteni, akamlaza mkewe juu ya godoro, akaondoka na mama yake, Bibi Tekla, amemfunika mgonjwa kwa turubai. Mlimani, mahali pasipo na nyumba, gurudumu lilizama. Punda alivuta mpaka akapiga magoti, kisha akakataa kabisa.

Ndipo likasikika gari. Lilikuwa la Morita, akienda mjini kununua mahitaji yake.

"Onesphory, inua mkono," alisema Bibi Tekla.

"Mama, sharti lake unalijua."

"Inua mkono, mwanangu."

 Letisia alikuwa ameuma upindo wa kanga. Onesphory alisimama kando ya njia, mikono imenyooka ubavuni kama mwanafunzi kwenye gwaride, mvua ikimshuka usoni. Gari lilipunguza mwendo. Morita aliinamisha kichwa kama kawaida yake, akapita.

Kisha lilisimama mbele kidogo, likarudi nyuma.

Morita alishuka kwenye tope, akakilaza kiti cha mbele, akafungua milango yote.

"Mimi sikukupungia," alisema Onesphory.

"Najua, mwalimu. Ingieni."

Mama alipona, na mtoto akapona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangezika wawili. Onesphory alipotoka nje ya wodi kumtafuta Morita, alimkuta na ndoo, akisugua kiti. Alitaka kumpokea kitambaa, Morita hakukiachia.

"Tafadhali, mwalimu," alisema bila kuinua macho. "Isisemwe."

Haikusemwa. Nambis iliambiwa walipata lifti, na kila mtu akadhani ni lori la viazi. Lakini siri hiyo ilimkaa Onesphory vibaya. Mtu aliyewapa uhai mkewe na mwanawe alikuwa akiendelea kuitwa Viti Vitupu sokoni na kisimani, na yeye, aliyejua, alinyamaza. Kwa watu wa Nambis, aliyetendewa jambo kubwa hushukuru mbele ya watu. Shukrani ya kunong'onezwa ni sawa na kukana. Alimuuliza Morita kama angeruhusu ashukuriwe hadharani. Morita alisema hapana. Baada ya majuma kadhaa alimuuliza tena. Morita alisema hapana, akainamisha kichwa.

Mara ya tatu Onesphory hakuuliza. Alijiambia kwamba mara ya tatu ndiyo ya kupokea.

Sherehe ya ubatizo wa mtoto, aliyeitwa Emanuel, ilijaza ua. Wakwe walitoka Hirbadaw na vibuyu vya maziwa mgando, kondoo wawili walichinjwa, na pombe ya mtama ilizungushwa kwa wazee. Siku hizo alikuwapo pia Bi Natalia, msimamizi wa shirika kutoka Arusha, aliyekuja kuwakagua walimu wake. Onesphory alimwalika mwenyewe, akamkalisha meza ya mbele karibu na Morita. Aliona ni bahati. Mkubwa wa Morita angesikia kwa masikio yake jinsi kijana wake alivyo.

Mzee Joakimu alikuwa wa kwanza kusimama. Alimbariki mtoto, akawasifu wakwe, kisha akageukia meza ya mbele.

"Na mgeni wetu Viti Vitupu leo namwona amekaa kwenye kiti kilichojaa. Karibu sana, mwanangu. Sisi viti vyetu havina sharti."

Ua mzima ulicheka. Morita, ambaye sasa alielewa kila neno, alicheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho Onesphory alichoshindwa kukivumilia. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaeleza yote: mlima, mkokoteni, damu, gari lililorudi nyuma. Alieleza kwa sauti aliyoitumia kwenye gwaride la shule, bila kupamba. Alipomaliza, vigelegele vilipasuka. Mzee Joakimu alivua kofia, akaenda meza ya mbele, akaushika mkono wa Morita kwa mikono yake miwili.

Onesphory alimtazama rafiki yake apate kuona furaha. Morita alikuwa akitabasamu, macho ameyakaza kwenye sahani. Kando yake Bi Natalia aliweka kikombe chini.

Alimwita Onesphory pembeni, karibu na lile gari jeupe. Morita alifuata, akasimama hatua chache nyuma.

"Mwalimu," alisema Bi Natalia kwa upole, "kwenye shughuli watu huongea mengi, na mwenye furaha huongeza chumvi. Nakuuliza mara moja, na utakalonijibu ndilo nitakaloondoka nalo. Ulikuwa unapamba hotuba?"

Onesphory alielewa. Mwanamke huyo alikuwa amemfungulia mlango, na ilimpasa kuinama kidogo tu aupite. Alimtazama Morita. Morita hakumwomba kitu kwa uso wala kwa mkono. Bwenini Onesphory aliwahi kuchapwa mpaka akashindwa kukaa, kwa kuwa alikataa kusema uongo mdogo ambao ungewaokoa wenzake wote, na habari hiyo alikuwa akiwasimulia wanafunzi kila mwaka. Nyuma yake, uani, watu bado walikuwa wakilitaja jina la Morita kwa heshima kwa mara ya kwanza. Aseme alipamba?

"Niliyosema ni kweli," alisema. "Nilidhani mngefurahi."

"Nimefurahi, mwalimu. Mimi nami ni mama." Alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Lakini ungesema umepamba, ningekuamini."

Morita aliwainamia wote wawili, akarudi kwenye sherehe, akala chakula chake mpaka kikaisha.

Usiku ule Letisia alimnyonyesha mtoto akiwa amempa mumewe mgongo.

"Nilisema kweli," alisema Onesphory.

"Kweli ile ilikuwa yake. Alikupa uitunze."

"Ulitaka niwe mwongo siku ya ubatizo wa mwanangu?"

"Mwanao yuko hai kwa sababu mwenzako alikubali kuvunja neno lake. La kwako limebaki zima. Lala nalo."

Amri ya kumwondoa Morita ilikuja kabla muhula haujaisha. Kidato cha nne kilibaki bila mwalimu wa hisabati. Onesphory alitoa hotuba ya kumuaga, nayo ilikuwa nzuri. Morita alishukuru kwa ufupi. Hawakupata kuongea peke yao. Kulikuwa na neno moja la kuomba radhi ambalo Onesphory hakulitia katika hotuba, kwa kuwa halikuwa la hadhara.

Katika siku zile za mwisho Morita, ambaye sasa hakuwa na sharti lililomfunga, alifanya kazi moja tu. Alipanda na kushuka kati ya Nambis na mji tangu asubuhi, akimpakia kila aliyeinua mkono. Alibeba wajawazito, wazee, magunia, kuku. Walioingia walisema mwanamke wa garini bado anaidai kadi yake.

Jumamosi Onesphory aliondoka kwenda mjini. Ilikuwa imenyesha, lakini alitoka amevaa viatu. Alipofika pale mlimani, ambapo gurudumu la mkokoteni lilikuwa limezama, alisimama akangoja. Gari lilipotokea chini kwenye kona, aliinua mkono. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

Gari lilipunguza mwendo. Lilikuwa limejaa, mama wawili na watoto wao nyuma, na Mzee Joakimu mbele, kofia magotini. Morita alimwona. Aliinamisha kichwa taratibu, kama anayeomba radhi kanisani.

"Mwalimu, tumejaa," aliita Joakimu dirishani. "Sogea kidogo, tusikurushie tope."

Onesphory alisogea. Siku ile ya mkokoteni gari lilikuwa limesimama mbele kidogo, likarudi nyuma. Alingoja, mkono ungali juu, mpaka mlio wake ulipopotea ng'ambo ya mlima. Ndipo akainama, akavua viatu.