King'ang'anizi wa Rhotia

Pale Rhotia ukitaja king'ang'anizi, hakuna anayeuliza unamsema nani. Ni Selestina, mama mkwe wa Angela. Kuomba, kila mtu anaomba. Kung'ang'aniza ni pale umeshamfungia mlango na bado anaongea na kitasa. Juzi tu alimwandama dereva wa watalii mpaka akapelekwa bure geti la Ngorongoro, siti ya mbele, kama Mzungu. Angela akisikia habari hizo hujifanya hamjui.

Asubuhi hiyo Malkia, mtamba wa Angela, alizaa kwa mara ya kwanza akamkataa ndama. Akimsogelea, teke. Maziwa kayabana. Bwana mifugo akasema kwenye simu: ndama asipopata dang'a, yale maziwa ya mwanzo, jioni haioni. Na Angela hana ng'ombe mwingine.

"Sogea, mwanangu," Selestina akasema. Akampaka ndama chumvi mgongoni, kisha akachuchumaa karibu na sikio la Malkia.

"Mrembo wangu, mtazame tu. Hutaki? Haya, nakuomba tena."

Teke. Ndoo ikaruka hadi kwenye migomba.

"Hata mimi wa kwanza nilitamani kumrudisha alikotoka. Ndiye Fabian, mume wa huyu hapa. Masikio kama sahani! Lakini nilimzoea."

Angela akacheka huku machozi yanamtoka. "Mama, ng'ombe hajui kubembelezwa."

"Na wewe je? Nilipokuja kukuposa ulinikatalia mara ngapi? Leo uko boma la nani?"

Ukungu ukashuka kutoka msitu wa kreta, ukafunika zizi. Selestina akasifu, akatania, akasihi, mpaka sauti ikakauka, midomo ikabaki inachezacheza tu. Ndama alikuwa amelala, shingo imelegea.

Angela akajikuta amepiga magoti kwenye samadi. "Nakuomba, Malkia. Nakuomba, mama. Nakuomba."

Malkia akageuza kichwa. Ulimi ukagusa ile chumvi, ukarudi, ukarudi tena. Ndipo ikatoka ndani ya tumbo lake sauti nzito ya chini, ambayo Angela hajawahi kuisikia. Aliihisi magotini, kama ardhi yenyewe imeitika. Ndama akajikongoja, akasimama. Chuchu zikaanza kudondosha maziwa ya njano, bila mkono wa mtu.

Angela akaacha kuomba, akabaki anayatazama.

"Usinyamaze," Selestina akamnong'oneza. "Endelea kumwomba."

Akaendelea.