Feni Juu, Maandishi Chini

Don Arsenio alinipa wiki mbili za majaribio kwenye karakana yake ya kompyuta hapa Asunción. Kompyuta nitakayoifunga isiporudi na ubovu, meza ya pili ni yangu, na mwanangu Araceli nitakuwa nakuja naye. Ikirudi, narudi kupiga pasi nguo za watu.

Mteja wangu alikuwa Ña Blásida, mshonaji. Pawa saplai yake, kile kisanduku chenye feni kinacholisha kompyuta umeme, ilikuwa imeungua, ya tatu mwaka huu. Zote Don Arsenio alizifunga mwenyewe ndani ya kasha la kompyuta, sehemu ya chini, feni ikitazama sakafu.

"Kompyuta inakaa wapi, mama?" nilimuuliza.

"Sakafuni, kando ya cherehani. Kwani ulitaka nilale nayo?"

"Na sakafu unaisafishaje?"

"Kama mtu yeyote mwenye adabu. Kila Jumamosi ndoo mbili za maji, halafu fagio."

Kumbe feni ilikuwa inakula nyuzi siku sita, ya saba inakunywa maji. Pawa saplai mpya nikaigeuza, feni juu, ivute hewa ya ndani ya kasha.

Don Arsenio alivaa miwani, akachungulia kwenye ubavu wa kioo.

"Umeifunga kichwa chini."

"Feni iko juu, bosi."

"Maandishi ya lebo yamekaa chini juu. Hebu soma."

Niliinamisha shingo, nikasoma.

"Miaka ishirini na mbili nafunga hivi vitu," alisema. "Maandishi ndiyo yanakuonyesha upande. Walioyabandika kiwandani hawakuwa walevi."

"Kwenye kozi ya jioni walitufundisha tuangalie feni."

"Kozi ya jioni! Kwenye giza lile maandishi watayaonea wapi?"

Lakini hakuigusa. Majaribio yalikuwa yangu.

Zikapita Jumamosi mbili za ndoo. Kila nikisikia majirani wanamwaga maji barazani, nilimkumbatia Araceli mpaka akalalamika.

Jumatatu iliyofuata Ña Blásida akaingia, kompyuta ameiviringisha kwenye shuka kama mgonjwa. 

"Nimekuja kulalamika."

Don Arsenio aliweka chini chupa yake ya tereré, ile chai ya majani inayonywewa kwa maji ya baridi. "Imeungua?"

"Inawaka vizuri tu. Juzi nimemwaga ndoo tatu. Ila mkwe wangu kaona maandishi kichwa chini, anasema nimeuziwa mtambo wa wizi. Mbele ya wateja! Yageuzeni."

"Nilikwambia," Don Arsenio aliniambia.

Nilichukua karatasi, nikanakili kila herufi na kila namba ya lebo ile, nikaibandika juu yake, wima. Feni sikuigusa. Ña Blásida alitazama, akaridhika, akaiviringisha tena kompyuta yake na kuondoka.

Don Arsenio alikuwa ameisoma karatasi ile kabla haijaviringishwa, bila kuinamisha shingo. Kisha akamimina maji ya baridi kwenye majani ya tereré, akaninyooshea kikombe. Kikombe hicho hunywewa kwa zamu, na wiki mbili kilikuwa kinanipita.

"Kesho njoo na mtoto," alisema. "Ile meza ya pili ina vumbi, uifute."

Nilifyonza mpaka mrija ukalia. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kwetu ukirudisha kikombe cha tereré na kusema asante, maana yake umetosheka, usipewe tena.

Nikakirudisha kimya. Akanijazia.