Esigani Aliyetumwa Shuleni

Shangazi yangu Mokeira alikuwa esigani, na kwa kazi hiyo aliogopwa kuliko mnyapara wa shamba la chai. Kwetu Wagusii, kabla msichana hajaolewa, esigani ndiye anayekwenda kuchunguza boma atakaloingia: wanakula nini, wanagombana kwa sababu gani, baba mkwe analewa kiasi gani. Wako maesigani waliopamba mambo ili harusi ifanyike na nyama iliwe. Shangazi hakuwa na ufundi huo. Alikuwa amevunja posa nyingi kutoka Litein mpaka Kisii, na wako vijana waliovuka barabara wakimwona anakuja.

Alikuwa na sheria moja aliyojitungia mwenyewe. Msichana aliyeolewa kwa neno lake, akiharibikiwa huko, asirudi kwa baba yake kusimangwa. Arudi Silibwet, kwa shangazi, ale na kulala mpaka shangazi mwenyewe aende kumkabili baba mtu.

"Ni mimi nilisema boma ni nzuri," alikuwa akisema. "Basi aibu ni yangu."

Mwaka wa 1974, baada ya matokeo ya kidato cha nne, nilipata nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chuo cha ualimu, na baba alikwisha kuitangaza nyumba kwa nyumba katika kambi yetu ya wafanyakazi wa chai. Ya pili ilikuja kwa sababu ya Mwalimu Kipsang, aliyenifundisha Baiolojia na kunifanyisha mtihani wa kujiunga bila kuwaambia wazazi. Ilikuwa shule ya wasichana upande wa Limuru, iliyoanzisha diploma ya kimataifa. Masomo sita, lugha mbili, insha ndefu ya kujichagulia mada, kipindi kizima cha kuulizana tunajuaje tunachokijua, na kila wiki alasiri moja ya kuwatumikia majirani. Mitihani ilisahihishwa Ulaya. Gharama yote ilikuwa juu yao.

Niliitaka ile shule mpaka chakula kikanishinda.

Baba, Naftaly Ombati, alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja karibu na Kericho. Alinisikiliza akiwa bado na gambuti zake miguuni.

"Ukishindwa?" akauliza.

"Sitashindwa."

"Nauliza, ukishindwa? Chuo kitakuwa kimechukua mwingine. Na hiyo diploma, hapa nani anaijua? Utarudi na nini? Na hao watu wenyewe ni nani? Mtu hawezi kupeana mtoto kwa boma hajui."

Mama yangu, Phelis, alikuwa akipepeta wimbi. Akasema bila kuinua macho, "Si utume esigani."

Mimi nadhani alikuwa anatania. Lakini baba hakuzaliwa na sikio la utani. Jumapili, tulipotoka tu kanisani, alipanda gari kwenda Silibwet kwa dada yake.

"Kwani siku hizi shule inaoa?" shangazi alimuuliza.

"Inachukua msichana miaka miwili," baba akajibu. "Atakula kwao, atalala kwao, atafuata sheria yao. Tofauti iko wapi?"

Shangazi alitafuta tofauti akaikosa. Akafunga mkungu wa ndizi kwa kamba, akapanda basi la kwenda Limuru.

Siku alizokuwa huko sikufaa kwa lolote. Nilikwenda kumsaidia mama kuchuma chai, nikachuma majani magumu yaliyokomaa mpaka karani wa mizani akakimwaga chini kikapu kizima huku akiniuliza kama nachumia mbuzi.

Aliporudi tuliketi sebuleni, na Mwalimu Kipsang akaja pia. Shangazi alikunywa kikombe cha kwanza cha chai. Akaomba cha pili. Nilitamani kumnyang'anya.

"Nilikaa kwa mama mmoja Mkikuyu anaitwa Nyathira," akaanza mwishowe. "Anauza mboga ya sukuma wiki karibu na geti ya shule, na mimi nikauza ndizi zangu hapo. Choo yao ni safi. Chakula ni kingi, lakini chumvi hawajui. Askari wa geti analala mchana. Mwalimu mkuu ni mama Mzungu. Nimemuona akilima viazi na wasichana, na jembe anajua kushika. Kuna mtoto wa Uganda, kuna wa Ethiopia, kuna Muhindi, wote meza moja. Siku moja nikasikia wanabishana na mwalimu, nikajua leo ni vita. Kumbe hiyo ndiyo masomo."

Mwalimu Kipsang alicheka. Mimi nikaanza kutabasamu.

"Lakini nikauliza wapishi, wako wanashindwa? Wakasema wako, na si mmoja. Kuna mmoja alitoka katikati ya muhula akilia, na sanduku yake mkononi. Masomo ni magumu, Ombati. Sitakudanganya."

"Umesikia?" baba akaniambia.

Nasema wazi, dakika ile nilimchukia shangazi. Angepungukiwa nini kulimeza hilo moja? Nilifungua mdomo nimwambie, mama akanikanyaga mguu.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Sijamaliza. Hiyo boma ni nzuri. Nimesema. Na akishindwa, asikuje hapa kwako. Akuje kwangu. Kuna kitanda, kuna maziwa. Watu wakitaka kucheka, watanicheka mimi."

Baba akamgeukia dada yake.

"Kwako?"

"Kwangu."

"Basi aende."

Nikaenda. Shangazi hakuwa ametia chumvi, na wapishi pia hawakutia. Hesabu za kule zilinitoa machozi, na katika kile kipindi cha kuulizana niligundua kwamba nilikuwa sijui mengi niliyodhani nayajua. Mara mbili nilifunga sanduku niondoke. Nikiisha kulifunga nilikiwaza kile kitanda cha Silibwet, nikasema moyoni kwamba kipo, hakiendi popote, basi acha nijaribu wiki moja tena. Nikalifungua.

Matokeo yalitoka katikati ya mwaka wa 1976. Nilipanda basi la kupitia Narok, na tulipoipita Mulot nikaamua kushuka Silibwet. Nilitaka mtu wa kwanza kuniona awe yeye. Kwa furaha niliyokuwa nayo nilisahau kabisa maana ya mimi kusimama langoni kwake na sanduku.

Alikuwa akianika wimbi juu ya gunia. Aliponiona, akaona na sanduku, uso ukamshuka. Halafu akajifuta mikono kwa leso, akaja, akanipokea mzigo.

"Ingia, mama. Hapa ni kwako."

"Shangazi, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Kula."

Akaniwekea ugali wa wimbi na maziwa lala. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kando ya ukuta, blanketi jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Hakuniuliza swali hata moja. Alifunga kitambaa kichwani, akatoa viatu vyake vya kanisani chini ya kiti.

"Wewe pumzika. Mimi naenda kwa Ombati saa hii, kabla watu hawajamfikia."

Tonge lilikuwa limenikwama. Nililisukuma kwa maziwa. "Shangazi, nimepita."

Alisimama na kiatu kimoja mguuni. "Umepita nini?"

"Mtihani. Nimepata diploma. Karatasi iko kwa sanduku."

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini?" akafoka. "Unataka kuniua? Toka hapa, nenda kwa baba yako!"

Halafu akaketi juu ya lile blanketi akalia kwa sauti, nami nikaketi kando yake nikalia pia, mpaka sote wawili tukaanza kucheka.

Hakunitoa. Nililala kwenye kitanda changu, na asubuhi tukaenda kwa baba pamoja, yeye mbele, sanduku langu kichwani mwake.